Sura ya Sita: Viti Vinne Kati ya 84

Diwani ambaye chama chake kina viti vinne katika baraza la watu 84 hujua matokeo ya kura kabla mikono haijanyoshwa. Akipinga bajeti, itapita. Akileta hoja, itaangushwa, au itafanyiwa marekebisho hadi mwenyewe asiitambue. Wengi wape, ndivyo tusemavyo, na hakuna baraza linaloweza kuendesha mambo bila kanuni hiyo. Lakini wengi wakishapewa, linabaki swali: yule aliyeshindwa kura anapokea posho ya wananchi kwa kazi gani?

Kazi yake ipo, na ni nzito. Ni kuhakikisha kwamba hakuna uamuzi unaopita bila kuulizwa sababu yake, gharama yake na jina la aliyeufanya. Uwezo wa kuuzuia uamuzi hana. Uwezo wa kuuzuia usifichwe anao. Na uamuzi mbaya ukikosa mahali pa kujificha, siku zake huwa zinahesabika.

Ushahidi ninaouleta ni wa jiji la Sheffield, kaskazini mwa Uingereza, kati ya mwaka 2012 na 2023. Nimeuchagua kwa sababu mgogoro huo umefukuliwa hadi mizizi yake: zipo hukumu za mahakama, zipo nyaraka zilizotolewa kwa nguvu ya sheria, na ipo ripoti ya uchunguzi huru yenye kurasa zaidi ya 200. Migogoro ya mabaraza ya madiwani ni mingi duniani, ila ni michache iliyoacha kumbukumbu kamili namna hiyo.

Jiji na miti yake

Sheffield lilipata jina kwa chuma. Visu na vijiko vyake vilisambaa dunia nzima, na chuma kisichoshika kutu kiliendelezwa huko mwaka 1913. Pamoja na moshi wa viwanda, wakazi wake wa zamani walipanda miti kandokando ya mitaa, na vizazi vilivyofuata vikaikuta imeshakuwa mikubwa. Mwaka 2012 jiji lilikuwa na miti ya barabarani ipatayo 36,000, mbali na ile ya bustani na misitu.

Mti wa barabarani ni mali ya umma ambayo maskini na tajiri huitumia sawasawa. Hakuna kiingilio wala saa ya kufunga. Hupoza mtaa wakati wa joto, hupunguza vumbi, na hunywa maji ya mvua ambayo vinginevyo yangekimbilia kwenye mifereji. Watu wa Sheffield waliijua thamani ya jambo hilo la mwisho, maana Juni 2007 mito yao ilifurika na kuua watu. Mti wenye umri wa miaka 100 hufanya kazi hizo kwa kiwango ambacho mche uliopandwa jana hautakifikia ila baada ya miongo mingi. Mtu anayesema tumekata mmoja tumepanda mmoja, kwa hiyo hatujapoteza kitu, amehesabu mashina, hajahesabu kivuli.

Mkataba wa miaka 25

Barabara za jiji zilikuwa zimechakaa. Mwaka 2012 baraza, chini ya chama cha Labour, lilitia saini mkataba wa ubia na kampuni ya Amey. Thamani yake ilikuwa pauni bilioni 2.2 kwa miaka 25. Kampuni ingekarabati barabara, njia za waendao kwa miguu, taa na miti, kisha ingezitunza hadi mwisho wa mkataba. Baraza lingelipa kidogo kidogo, kwa msaada mkubwa wa serikali kuu.

Hebu tuangalie jinsi mkataba wa aina hiyo unavyomsukuma mkandarasi. Analipwa kiasi kilichokwisha kukubaliwa ili njia ziwe tambarare kwa miaka 25. Mti mkubwa una mizizi inayoinua mawe ya ukingo na kupasua lami. Kuubakiza kunataka fundi achimbe kwa mkono, apunguze unene wa jiwe la ukingo, atandike lami inayonyumbulika, kisha arudi baada ya miaka kadhaa kufanya tena. Kuukata na kupanda mche ni kazi ya siku moja na usumbufu umekwisha. Hahitaji kuichukia miti. Akifuata tu hesabu iliyomo ndani ya mkataba, misumeno itawaka.

Baraza liliweka vigezo sita vya mti kukatwa: uwe wa hatari, umekufa, unakufa, una ugonjwa, unaharibu njia, au unawazuia wenye ulemavu kupita. Vinne vya mwanzo hakuna aliyevigombania sana. Utata ulikuwa kwenye kuharibu njia, kwa sababu karibu kila mti mkubwa wa mjini umeinua jiwe mahali fulani. Kwa kigezo hicho, mti mzima wa afya, usio na tatizo lolote, ungeweza kuhukumiwa kwa kosa la kuwa na mizizi.

Kuna jambo jingine ambalo diwani makini angelitilia shaka tangu mwanzo. Uchunguzi wa kitaalamu uliofanywa mwaka 2006 na 2007 ulikuta kwamba miti mingi ya jiji imekomaa, lakini iliyopendekezwa kukatwa wakati ule ilikuwa takribani 1,000. Katika vinywa vya watetezi wa mpango, kukomaa kuligeuka kuwa kuzeeka, na kuzeeka kukawa kukaribia kufa. Hivyo ndivyo tathmini ya mtaalamu inavyoweza kupindishwa ofisi hadi ofisi, mpaka inapofika barazani inaunga mkono jambo ambalo mwandishi wake hakulisema.

Alfajiri ya Rustlings Road

Wakazi walianza kwa njia za kistaarabu. Katika mtaa wa Rustlings Road, unaopakana na bustani ya Endcliffe, walikusanya saini zaidi ya 10,000 na kuzipeleka barazani mwaka 2015. Baraza liliunda jopo huru la kushauri juu ya miti inayobishaniwa. Ilionekana kama mlango wa mazungumzo umefunguliwa. Kumbe jopo lilipewa kazi ya kushauri tu, na katika kesi nyingi baraza liliukataa ushauri wa watu liliowateua lenyewe.

Tarehe 17 Novemba 2016, yapata saa 11 alfajiri, wakati bado giza, polisi na wafanyakazi wa mkandarasi waliingia Rustlings Road. Wakazi waliamshwa ili waondoe magari yao. Kufikia asubuhi miti minane ilikuwa imelala chini, na watu watatu walikuwa wamekamatwa, wawili kati yao wanawake wenye umri wa miaka 70 au zaidi. Jopo lilikuwa limeshauri sehemu kubwa ya miti hiyo ibaki, na ushauri huo uliwekwa hadharani alfajiri ile ile, wakati misumeno ikiwa njiani. Baadaye baraza liliomba radhi kwa namna operesheni ilivyoendeshwa na kuahidi kutorudia shughuli za usiku.

Serikali inayoamini kwamba uamuzi wake ni halali na wa busara haihitaji kuutekeleza watu wakiwa usingizini. Saa iliyochaguliwa ilikiri kile ambacho viongozi hawakukiri kwa maneno: hoja ilikuwa imewashinda, ikabaki nguvu.

Diwani wa Nether Edge

Miezi sita kabla ya alfajiri hiyo, Mei 2016, jiji lilikuwa limefanya uchaguzi wa viti vyote. Labour ilipata 57, Liberal Democrats 19, Greens 4 na UKIP 4. Wingi ulihitaji viti 43 tu, kwa hiyo chama tawala kilikuwa na akiba ya kutosha hata baadhi ya watu wake wangeugua siku ya kura. Mmoja wa wale wanne wa Greens alikuwa Alison Teal, aliyechaguliwa katika kata ya Nether Edge na Sharrow.

Kata hiyo ilikuwa na mitaa mingi yenye miti mikubwa. Mmoja ulikuwa mti wa aina ya elm katika mtaa wa Chelsea Road, wenye umri wa zaidi ya karne moja. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 ugonjwa wa ukungu umeua mamilioni ya miti ya elm nchini Uingereza. Huu ulikuwa umesalimika. Juu yake aliishi kipepeo adimu ambaye viwavi wake hutegemea majani ya elm. Mwaka 2016 ulishika nafasi ya pili katika shindano la mti bora wa mwaka wa Uingereza. Pamoja na sifa zote hizo, uliwekwa kwenye orodha ya kukatwa, kwa sababu ya njia iliyoinuka chini yake.

Teal alifanya kazi ya diwani kama sheria inavyoitaka. Aliuliza maswali barazani, aliwasemea wakazi, alitaka maelezo ya mkataba. Majibu yalipokuwa hayaridhishi alisimama na watu wake mtaani, chini ya miti yenyewe. Mnamo Februari 2017 alikamatwa na polisi pamoja na wengine. Kifungu kilichotumika kinatoka katika sheria ya vyama vya wafanyakazi ya mwaka 1992, kinachokataza kumzuia mtu kufanya kazi yake halali. Ni kifungu chenye asili ya sheria za kudhibiti migomo. Wiki chache baadaye waendesha mashtaka waliiacha kesi hiyo.

Baraza halikuishia hapo. Agosti 2017 lilikwenda Mahakama Kuu na kupata amri ya zuio dhidi ya watu kadhaa waliotajwa kwa majina, Teal akiwamo, na dhidi ya yeyote mwingine ambaye angeingia ndani ya uzio unaozunguka mti unaokatwa. Oktoba mwaka huo likamrudisha mbele ya jaji kwa madai kwamba ameivunja amri hiyo. Kudharau mahakama nchini Uingereza kunaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka miwili. Baada ya kusikiliza ushahidi, jaji aliyatupa madai dhidi yake. Mwanaharakati mmoja katika shauri hilo alikutwa na hatia na kupewa kifungo kilichoahirishwa.

Fikiria maana yake. Baraza la jiji lilitumia fedha za wananchi kumshitaki mjumbe wake mwenyewe, aliyechaguliwa kwa kura kama wao, katika shauri ambalo lingeweza kumfunga. Kama angefungwa, wakazi wa kata yake wangepoteza sauti. Kama angetishika na kunyamaza, wangeipoteza vilevile, bila hata hukumu. Diwani anapoadhibiwa kwa kuuliza, adhabu huwafikia wote waliomtuma aulize.

Namba 17,500

Mvutano mkubwa ulikuwa juu ya karatasi. Mkataba ulikuwa na maelfu ya kurasa, na sehemu zake nyeti zilifichwa kwa kisingizio cha siri za kibiashara. Wakazi na madiwani wa upinzani walipouliza ni miti mingapi hasa imepangwa kuondolewa, waliambiwa kwamba mti hukatwa ukiwa hauna budi kukatwa, na kwamba hakuna idadi inayolengwa.

Uingereza ina sheria ya uhuru wa taarifa ya mwaka 2000, iliyoanza kutumika 2005, pamoja na kanuni za mwaka 2004 zinazohusu taarifa za mazingira. Anayenyimwa taarifa anaweza kukata rufaa kwa Kamishna wa Taarifa, ambaye ana mamlaka ya kuilazimisha ofisi ya umma kufungua jalada. Wananchi wa Sheffield waliifuata njia hiyo kwa uvumilivu: ombi, kukataliwa, rufaa, kusubiri. Machi 2018 kifungu kikatoka hadharani. Kilisema mkandarasi atabadilisha miti ya barabarani kwa kiwango kisichopungua 200 kwa mwaka, ili hadi mwisho wa mkataba iwe imebadilishwa miti 17,500.

Hiyo ni karibu nusu ya miti yote ya barabarani ya jiji. Baraza lilidai kwamba namba hiyo haikuwa lengo. Lakini kila aliyesoma kifungu aliona namba, muda na wajibu, na hayo matatu yakikutana katika mkataba hakuna mahakama wala mhasibu atakayeyaita mapendekezo.

Ndani ya mwezi huo huo ukataji ulisimamishwa. Polisi kwa makumi walikuwa wakipelekwa mitaani kulinda misumeno, walinzi binafsi walikuwa wakiwaburuta waandamanaji, na Waziri wa Mazingira wa wakati huo, Michael Gove, alikuwa ameupinga mpango hadharani. Gove alikuwa wa chama cha Conservative na baraza lilikuwa la Labour, kwa hiyo siasa za vyama zilikuwamo. Hata hivyo, kilichouondolea mpango miguu ni kile kifungu. Kabla ya Machi 2018 mabishano yalikuwa neno la wakazi dhidi ya neno la viongozi. Baada yake, wakazi walikuwa na hati mkononi.

Gharama ya kutosikia

Kufikia hapo miti zaidi ya 5,000 ilikuwa imekwisha kukatwa. Mazungumzo yalianza Septemba 2018 kati ya baraza, kampuni na wanaharakati, na walipokaa pamoja kuikagua upya miti iliyokuwa imepangwa kukatwa, sehemu kubwa ilionekana inaweza kubaki kwa ukarabati wa kawaida wa njia. Mti wa Chelsea Road ulipunguzwa matawi, ukaachwa. Vivyo hivyo miti mingi ya Western Road, iliyopandwa mwaka 1919 kuwakumbuka wanafunzi wa zamani wa shule ya mtaa huo waliokwenda Vita Kuu ya Kwanza. Mafundi, vifaa na ujuzi vilivyotumika vilikuwapo tangu mwaka 2012. Kilichokosekana wakati ule ni nia ya kuwasikiliza waliosema vipo.

Uchunguzi huru uliongozwa na Sir Mark Lowcock, aliyewahi kuwa mkuu wa masuala ya kibinadamu wa Umoja wa Mataifa. Ripoti yake ilitoka tarehe 6 Machi 2023. Ilikuta kwamba kulikuwa na kushindwa kwa uongozi kwa muda mrefu, kwamba umma na lile jopo huru walipotoshwa, na kwamba hata mahakama ilipotoshwa. Iliieleza namba 17,500 kuwa kasoro ya msingi ya mpango mzima. Maelfu ya miti yenye afya ilipotea bila sababu ya kutosha, na watu waliojaribu kuiokoa walichafuliwa majina. Baraza liliomba radhi, na Juni 2023 likaomba tena kwa kirefu na kwa maandishi.

Wapiga kura hawakuisubiri ripoti. Wananchi zaidi ya 20,000 walitia saini kudai kura ya maoni kuhusu namna jiji linavyoongozwa. Tangu Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 2000, mabaraza mengi ya Uingereza yamekuwa na kiongozi na baraza dogo la mawaziri wa jiji, wote wakitoka chama tawala, ambao hufanya maamuzi makubwa. Madiwani wengine wanabaki na kamati za kuhoji. Sheffield lilikuwa hivyo. Tarehe 6 Mei 2021 karibu watu 90,000 walipiga kura ya kuuondoa mfumo huo, dhidi ya 49,000 hivi waliotaka ubaki. Kuanzia Mei 2022 maamuzi yanafanywa na kamati ambazo vyama vyote vina wajumbe ndani yake. Siku ile ile ya Mei 2021 Labour ilipoteza wingi wake barazani, kiongozi wa baraza akapoteza kiti chake kwa mgombea wa Greens, na Greens wakatoka na viti 13.

Upinzani nao uhojiwe

Itakuwa dhuluma kuisimulia habari hii kana kwamba upinzani ni malaika. Mkataba ulisainiwa na Labour, ila maandalizi yake yalifanyika pia katika miaka ya 2008 hadi 2011, wakati Liberal Democrats wakiwa madarakani jijini. Chama kilekile kilichokuja kuwa upinzani na kulalamika kilikuwa na nafasi ya kuyaona mapema mengi ya yaliyomo. Diwani anayegundua thamani ya uwazi baada ya kupoteza funguo za ofisi hajaifanya kazi ninayoisifu hapa.

Wapo pia wapinzani wanaopinga kila kitu. Hao huurahisishia mno utawala kazi yake, kwa sababu siku wanapokuwa na hoja ya kweli, hakuna anayeweza kuitofautisha na kelele za jana. Diwani wa upinzani mwenye manufaa hukubali lililo jema, hata kama limeletwa na mahasimu wake, ili neno lake la kukataa liwe na uzito. Barabara za Sheffield zilihitaji ukarabati kweli. Hakuna aliyekataa hilo. Ubishi ulikuwa juu ya namna ya kuzikarabati.

Na chama tawala nacho kilikuwa na madiwani 57, wengi wao watu wema waliowapenda wakazi wa kata zao. Nidhamu ya chama iliwafunga midomo. Kwa hakika kamati za kuhoji zilikuwapo, vikao viliitishwa, mihtasari iliandikwa. Kilichopungua ni mtu wa upande wa wengi aliyekuwa tayari kuuliza swali ambalo jibu lake lingemuudhi kiongozi wake. Kama wangekuwapo 16 tu wa namna hiyo, wakaungana na wapinzani, wingi ungevunjika bila kesi, bila polisi, na miti ya Rustlings Road ingekuwa imesimama.

Mambo matatu ya kuchukua

La kwanza ni kwamba kiwanja cha wazi, bustani na mti wa barabarani hupotea kwenye mkataba kabla ya kupotea ardhini. Ukisikia msumeno, au ukiona uzio wa mabati umezungushwa, umechelewa kwa miaka. Diwani anayetaka kulinda eneo la wazi aanze na ramani ya mipangomiji, hati ya eneo, zabuni na viambatisho vya mkataba, hasa vile vyenye namba. Aulize kila namba imetoka wapi, na nani atalipwa ikifikiwa.

La pili ni kwamba siri za kibiashara zina mpaka. Bei ambayo kampuni imeitoa kwenye zabuni inaweza kufichwa kwa muda ili ushindani uwe wa haki. Hatima ya nusu ya miti ya jiji si siri ya biashara ya mtu yeyote. Jambo linalobadilisha mahali watu wanapoishi ni lao kulijua, na baraza linaloliweka kabatini limejitwalia mamlaka ambayo halikupewa.

La tatu ni kwamba diwani peke yake hatoshi. Teal aliweza kusimama kwa sababu nyuma yake kulikuwa na wakazi waliopima miti wenyewe, waliosoma kanuni za lami na mizizi, waliotuma maombi ya taarifa na kuyafuatilia, na waliojitokeza asubuhi za baridi. Wao nao walimhitaji, kwa kuwa mwananchi wa kawaida huweza kupuuzwa mapokezini, lakini swali la diwani barazani lazima lijibiwe na jibu liandikwe kwenye muhtasari. Miaka mitano baadaye, mchunguzi anapoyasoma majalada, swali lile lililoshindwa kura ndilo linaloonyesha kwamba viongozi waliambiwa na hawakusikia.

Silaha hizo hazimo Sheffield peke yake. Tanzania na Kenya zote zilipitisha sheria za haki ya kupata taarifa mwaka 2016. Nchini Tanzania mikutano ya mabaraza ya madiwani huwa wazi kwa wananchi wanaotaka kusikiliza. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 35, inampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na katika ibara ya 196 inalitaka bunge la kaunti kufanya kazi zake hadharani na kuwashirikisha wananchi. Kinachobaki ni kuzitumia, na kuwachagua watu watakaozitumia kwa niaba yetu.

Kwa hiyo, msomaji, usimpime diwani wako kwa idadi ya kura alizoshinda barazani, wala kwa rangi ya chama chake. Nenda ukumbini siku ya kikao, keti kwenye viti vya wananchi, usikilize. Mwulize ni mkataba gani amesoma mwaka huu mwanzo hadi mwisho. Mwulize maeneo ya wazi ya kata yako ni mangapi, hati zake ziko wapi, na ni lini mara ya mwisho alikwenda kuyatazama kwa macho yake. Akiwa na majibu, mpe nguvu, hata kama yuko peke yake kati ya 84. Akiwa hana, tuma wewe ombi la taarifa, dai jibu kwa maandishi, litunze, na siku ya uchaguzi ulitumie.